RANGI HAIZIBI UFA WA RINGI

TUMEZOEA katika safu hii kuandika juu ya mpunga, kakao na barabara, na wasomaji wetu wamezoea kutusoma juu ya mambo hayo. Leo tunashuka kutoka barabarani hadi kwenye gurudumu lenyewe, na katika gurudumu tunaitazama ringi. Atakayeona kuwa hilo ni jambo dogo mno kwa tahariri ya gazeti, tunamwomba atuvumilie mpaka aya ya tatu, kwani huko ndiko tulikoachwa njiani.

Lyulilo ni kijiji kilichoko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jirani na Matema, chini ya milima ya Livingstone. Kila Jumamosi huwa na soko la vyungu ambalo sifa zake zimevuka mipaka ya Wilaya ya Kyela. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vingine vya mwambao, na wachuuzi huja na magari kuvipakia. Zamani barabara ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na gari lililofika lilipokewa kama mgeni aliyevuka mito saba. Sasa barabara hiyo ina lami, na kila mwenye macho anauona unafuu wake. Lakini lami imekuja na mambo yake. Mwendo umeongezeka, na kingo za zege za madaraja na makalvati zimekuwa mahali ambapo dereva asiye na subira huparuza gurudumu anapopishana na mwenziwe. Magari nayo yamebadilika. Badala ya malori na Landrover zenye ringi za chuma, abiria wengi leo husafiri katika magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, na mengi katika hayo huja na ringi za aloi, yaani alumini iliyochanganywa na madini mengine. Ni nyepesi, zinang'aa, na mwenye gari huzionea fahari. Zikikwaruzika moyo humwuma kama aliyekwaruzwa yeye mwenyewe.

Jumamosi moja ya mwaka jana tulikuwa miongoni mwa abiria wa gari la namna hiyo tukielekea sokoni. Tulipokwisha kuipita Ipinda usukani ulianza kutetemeka, na gurudumu la mbele likawa linapoteza upepo. Dereva, kijana mwenye adabu, aliliongeza upepo mara mbili kwa bomba la mguu, na mara zote mbili akatuambia kuwa ni valvu tu. Tulifika Lyulilo kwa mwendo wa konokono. Hapo mziba pancha alilitoa gurudumu, akalizungusha ndani ya karai la maji ya sabuni, na sote tukaona kuwa povu halitoki kwenye tairi. Lilitoka kwenye ringi, mahali palipong'aa kuliko pengine pote. Kijana yule wa pancha akapakwangua kwa kisu. Rangi ikatoka, chini ya rangi pakawa na putti, chini ya putti pakawa na mshono wa kuchomelea, na kando ya mshono huo pakawa na ufa mpya wenye urefu wa kidole.

Dereva alikiri kuwa ringi ile ilipasuka miezi miwili iliyopita baada ya kugonga ukingo wa kalvati. Aliipeleka katika gereji moja mjini, ambayo hatuitaji, akaambiwa kuwa imepona na haitaonekana kuwa iliwahi kuumia. Hiyo sehemu ya pili ya ahadi ilitimizwa kwa ukamilifu. Mama mmoja muuza vyungu aliyekuwa amekaa karibu aliomba aitazame. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, mara upande huu, mara upande ule, akasikiliza, akamrudishia kijana na kumwambia: "Mwanangu, hiki kingekuwa chungu changu ningekitupa ziwani."

Maneno hayo ya mama ndiyo yaliyotufanya tuandike. Fundi wa gereji, mwenye vifaa na leseni, alifunika ufa ili usionekane. Mama yule, ambaye hajapata kuendesha gari, aliutafuta ufa kwa sikio, kwa sababu biashara yake imemfundisha kuwa chombo chenye ufa hakiuzwi kwa mtu unayetaka kukutana naye tena. Tofauti kati ya wawili hao haimo katika vifaa.

Wenye magari wengi hutuuliza, na sisi wenyewe tumejiuliza, kama ringi iliyoumia itengenezwe nyumbani au ipelekwe kwa fundi. Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kujua ringi imeumia vipi. Mkwaruzo ni jeraha la ngozi: rangi imetoka, chuma kimepata mikuno, basi. Mpindo ni jeraha la mfupa: ukingo umeingia ndani au gurudumu limepoteza uduara wake. Ufa ni ugonjwa unaoendelea kutembea hata gari likiwa limelala, kwa maana kila mzigo utakaowekwa kesho utaurefusha. Majeraha haya matatu hayana dawa moja, na maafa huanza pale fundi au mwenye gari anapoyatibu yote kwa kopo moja la rangi.

Tuanze na mkwaruzo, kwa sababu hapa wananchi wanatupa fedha bila sababu. Mkwaruzo wa kawaida mwenye gari aweza kuutengeneza mwenyewe kwa mikono yake, chini ya mwembe wake, kwa nusu siku. Aioshe ringi kwa maji na sabuni mpaka uchafu wa breki na tope viishe kabisa. Aikague ndani na nje. Kama kuna mpindo au ufa aache hapo hapo. Kama hakuna, achukue tupa ndogo avunje ncha kali za mikuno, kisha apige msasa, kwanza wa chembe kubwa na kumalizia na wa chembe ndogo, mpaka kidole kikipita kisihisi kilima wala bonde. Putti itumike kwa uchache sana, mahali pa kina kidogo tu, usoni mwa ringi. Isiguse kamwe mahali tairi linapokalia. Apanguse vumbi kwa kitambaa chenye spiriti. Afunike tairi kwa karatasi na tepu, na kwa kazi hiyo hata nakala ya gazeti hili iliyokwisha kusomwa yafaa. Kisha apulize rangi ya msingi, asubiri ikauke, apulize rangi yenyewe mara tatu au nne kwa tabaka nyembamba, na kumalizia na vanishi. Mwenye haraka hupuliza tabaka moja nene, nayo hutiririka kama machozi.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi hulitenda. Rangi isipulizwe kwenye matundu ya nati wala kwenye uso wa nyuma unaokutana na habu. Rangi ya mahali hapo hubonyea nati zinapokazwa, na baada ya siku chache za safari nati huwa zimelegea bila mtu kuzigusa. Kwa hiyo gurudumu lililotolewa na kurudishwa, kwa sababu yoyote ile, nati zake zikazwe kwa mpangilio wa msalaba na zikaguliwe tena baada ya kilomita hamsini au mia moja. Kutoka Lyulilo hadi Kyela mjini na kurudi ni safari ya kutosha kujua.

Kuna wanaosema kuwa kwa kuwa alumini haishiki kutu, mkwaruzo wake waweza kuachwa miaka. Si kweli. Alumini haipati kutu nyekundu kama ya chuma, lakini iliyovuliwa rangi hufanya unga mweupe, na unga huo hutambaa chini ya rangi iliyobaki. Ukifika mahali ringi inapobanana na tairi lisilo na tyubu, upepo huanza kuvuja kidogo kidogo usiku kucha, na mwenye gari huamka akimlaumu mziba pancha. Sisi wa Ziwa Nyasa tuna bahati moja juu ya wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam: maji yetu ni matamu, na hewa ya ziwani haina chumvi ya bahari inayokula alumini kwa pupa. Lakini mvua za Kyela zinajulikana, na gari linalolala nje masika nzima halikauki.

Sasa tuje kwa mpindo na ufa, ambako hatutaki mwananchi yeyote ajaribu chini ya mwembe.

Ringi ya chuma iliyopinda fundi stadi aweza kuinyoosha kwa nyundo na fuawe, kwa kuwa chuma hupinda kwanza kabla ya kuvunjika. Mafundi wetu wengi wamejifunza kazi kwa ringi za chuma. Humulika moto wa gesi, hungoja chuma kiwe chekundu, kisha hugonga. Wanapopewa ringi ya aloi huifanyia vivyo hivyo, na hapo ndipo maarifa ya zamani yanapogeuka mtego. Alumini haiwi nyekundu. Hukaa na rangi yake ile ile ya kijivu mpaka dakika inapoyeyuka, na alumini tupu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 tu, hali chuma chahitaji zaidi ya nyuzi 1,400. Fundi anayengoja wekundu atangoja mpaka ringi imwagike mguuni pake.

Hata asipoiyeyusha amekwisha kuidhuru. Nguvu ya ringi nyingi za aloi hutokana na jinsi zilivyopikwa kiwandani: huingizwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 540, huzamishwa ghafla majini, kisha hupashwa tena kwa joto dogo kwa saa kadhaa. Mtungi wa gesi wa uani huiondoa kazi hiyo yote kwa dakika mbili mahali unapoelekezwa, na mahali hapo panabaki laini wakati pembeni pake pangali pagumu. Kuchomelea ufa kuna dosari hiyo hiyo. Mshono waweza kuwa mzuri wa kutazamwa, lakini kando ya mshono alumini imelegea, na ndiyo maana ufa tuliouona Lyulilo haukuwa mahali pa ufa wa kwanza, bali jirani yake. Ringi ya aloi yenye ufa kwenye mikono yake au karibu na matundu ya nati haina fundi. Hiyo ni ya kuuza kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu, tena ikatwe kwanza ili isirudi barabarani kwa mlango mwingine.

Zipo kazi ambazo fundi mwenye mashine huzifanya vema kuliko mtu yeyote wa nyumbani, nasi hatutaki kuwavunja moyo mafundi wa namna hiyo. Kunyoosha mpindo mdogo kwa mashine ya kusukuma taratibu na yenye kipimo cha uduara. Kuondoa rangi yote ya zamani na kupaka rangi ya unga inayookwa tanurini. Kuchonga upya kwa mashine ringi ambazo uso wake ulichongwa kiwandani. Hizo za mwisho mtu asizipige msasa kwa mkono hata kidogo, ataziharibu sura. Lakini mwenye ringi ajue pia kuwa kila uchongaji unapunguza chuma, na ringi iliyochongwa mara nyingi ni nyembamba kuliko inavyoonekana.

Utotoni, kabla ya kwenda shule ya Serikali, sisi tulikaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Miongoni mwa visa tulivyosimuliwa ni kile cha mfanyabiashara aliyeweka nafaka kavu juu na iliyolowa chini, na jinsi alivyokemewa. Tendo lile mwalimu aliliita ghushi. Tangu siku ile neno hilo halikututoka, na tulipoona putti ile ikikwanguliwa na kisu cha kijana wa pancha lilirudi lenyewe. Fundi anayechomelea ufa na kumwambia mteja wazi kuwa ringi hii sasa ni dhaifu, itumie kama akiba kwa mwendo mdogo hadi gereji, huyo ni fundi tu mwenye kazi duni. Fundi anayeupaka rangi ufa ili mteja asiuone amefanya ghushi, na bidhaa yake imebeba roho za abiria.

Hata hivyo tusimtwike fundi mzigo wote. Tulimwuliza dereva wetu kwa nini hakununua ringi nyingine, hata iliyotumika. Akajibu kwa kifupi kuwa gari si lake. Lina tajiri, na tajiri anataka hesabu kila jioni. Siku gari lisipotembea, hesabu hubaki deni shingoni mwa dereva. Alipomwambia tajiri kuwa ringi imepasuka, tajiri alimjibu kuwa aliyeigonga ndiye aitengeneze. Basi kijana alichagua kilichokuwa rahisi mfukoni mwake. Tuna yakini kuwa hayuko peke yake. Mfumo unaomfanya dereva afiche ubovu wa gari kwa mwenye gari, na mwenye gari ajifanye haujui, kisha abiria ndio waulipie, ni unyonyaji wa aina yake, hata kama hakuna aliyekusudia. Tajiri anayechukua faida ya magurudumu manne hana budi kuchukua na gharama ya magurudumu manne. Vyama vya madereva na wenye magari wilayani Kyela viliandike jambo hili katika mikataba, badala ya kuliacha lisuluhishwe na putti.

Tunasikia wengine wakisema kwamba kumzuia mwananchi asijitengenezee chake ni kwenda kinyume na siasa ya kujitegemea tuliyolelewa nayo. Sisi ni watu wa Chama, na neno kujitegemea hatulichukulii kwa wepesi. Lakini mwambao huu ulijitegemea kabla hatujazaliwa, na haukujitegemea kwa kila mtu kufanya kila kazi. Wakinga wa milimani walifua chuma na kushuka na majembe. Wakisi wa ufukweni walifinyanga. Wanyakyusa wa bondeni walilima, na vyakula vyao vikabadilishwa kwa majembe na vyungu. Mkulima wa Ipinda hakuona aibu kwamba hakufua jembe lake mwenyewe. Alichojua ni kulitambua jembe zuri alipoliona na kulikataa baya. Huko kutambua ndiko tunakowaomba wenye magari na abiria wajifunze, na hakuhitaji mashine.

Kuna njia ya zamani ambayo mafundi wa reli katika nchi mbalimbali waliitumia kutafutia nyufa, nayo yafaa kabisa katika vijiji vyetu. Ringi husafishwa mpaka iwe kavu, hupakwa mafuta ya taa mahali panaposhukiwa, na huachwa kwa muda. Kisha mafuta hupanguswa yote, na mahali hapo hupakwa unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Njia hii huonyesha ufa uliofika juu tu, wala haiwezi kuona kitu kilichofunikwa kwa rangi nene. Kwa hiyo ringi inayong'aa mahali pamoja kupita pengine ikwanguliwe kwanza bila huruma. Kwa mpindo, gurudumu linyanyuliwe kwa jeki, lizungushwe, na kijiti kishikwe karibu na ukingo wake. Macho yatasema yaliyobaki.

Waendesha bodaboda nao wasidhani hatukuwaona. Pikipiki yenye ringi za spoki, fundi baiskeli yeyote mzuri, nao Kyela hawajapata kukosekana, aweza kuinyoosha kwa kukaza upande huu na kulegeza ule. Ringi ya aloi ya pikipiki ikipasuka hakuna cha kukaza. Kwa njia za mawe za kuelekea milimani, spoki ni rafiki bora kuliko urembo.

Kwa upande wa viongozi tuna ombi moja. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na katika hizo asilimia 4 ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Tumeona vijana wakikopeshwa pikipiki, na si vibaya. Lakini wilaya yenye pikipiki nyingi na mashine chache za kuzipimia magurudumu inazidisha mzigo wa hospitali zake. Kikundi kimoja cha vijana waliohitimu ufundi wa magari wakipewa mashine ya kupima uzani wa gurudumu, mashine ya kunyooshea ringi na mafunzo ya alumini, wawekwe Kyela mjini au Ipinda, na wawajibishwe kuandika katika stakabadhi kila kazi waliyoifanya kwenye ringi, watarejesha mkopo wao. Askari wa usalama barabarani hatuwezi kumdai aone chini ya putti. Stakabadhi ataiona.

Siku ile Lyulilo dereva wetu aliazima gurudumu la chuma kutoka kwa mwenziwe, akaturudisha jioni tukiwa salama na vyungu vyetu vitatu, ambavyo mama yule alivigonga kimoja kimoja mbele yetu kabla ya kupokea fedha. Ringi iliyopasuka ilibaki kwa mziba pancha. Baadaye tulisikia kuwa kijana huyo aliipeleka katika shule moja ya jirani ili itundikwe mtini iwe kengele, kama zilivyo ringi nyingi za malori katika shule zetu. Mwalimu aliipiga mara moja kwa nondo, akaisikiliza, na kumrudishia kwa kuwa haikuwa na sauti.